Fundi anapokuja kutengeneza nyumba: historia ya kulinda mipangilio wakati wa kupandisha Linux



Leo niko na historia, lakini naanza na kosa langu mwenyewe. Bila lile kosa nisingejua historia hii ina faida gani.

Kwenye biro ya shule moja, ambayo sitaitaja, kulikuwa serveri ndogo. Ni ordinatere ya kawaida tu, bila ekrani, ilikuwa inakaa chini ya meza karibu na betri. Ndani yake Linux, familia ya Debian. Kijana mmoja ndiye aliipanga. Aliipa kila ordinatere ya biro anwani yake kwenye rezo, akafungua dosie ya alama za wanafunzi kwa watu watatu tu, akapanga imprimanti. Halafu akafanya jambo moja dogo ambalo hakuna mtu aliliona: kopi ya akiba ya kila siku aliitoa asubuhi akaiweka saa 6 mchana. Asubuhi na mapema umeme hauko, serveri imezimwa. Mchana iko. Kisha kijana akapata kazi ngambo ya mpaka, akaenda zake.

Baada ya muda wakaniita. Toleo lile lilikuwa limezeeka, halipati tena marekebisho ya usalama, lazima tupande toleo jipya. Nikaja na haraka zangu, juu walisema umeme utaenda saa 10. Katikati ya kazi ekrani ikaanza kuniuliza: faili hii imebadilishwa tangu iwekwe, unataka ile mpya ama unabaki na yako? Nikajibu mpya. Ikauliza tena kwa faili ingine. Mpya. Ingine tena. Mpya. Kwa akili yangu, mpya ni bora kuliko ya zamani. Kwani tulikuwa tunapandisha nini?

Kesho yake alama zote zilikuwa pale. Imprimanti haikujulikana tena na dosie ya alama ilikataa watu wote, lakini hayo tuliyatengeneza siku ileile. Lile ambalo hatukuliona ni saa ya kopi. Ilirudi kwenye saa ya kiwandani ya Debian, yaani saa 12 na dakika 25 asubuhi. Kila siku ile saa ilipofika, serveri ilikuwa imelala. Miezi mitatu baadaye disiki ikakufa, na kopi ya mwisho ilikuwa ya siku ile niliyojibu "mpya, mpya, mpya".

Walimu waliokuwa na madaftari waliandika upya alama za muhula mzima. Wale ambao hawakuwa na madaftari, wanafunzi wao walifanya mtihani mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikiwatazama.

Tangu ile siku nilijiuliza: lile swali la kwenye ekrani, nani alilitunga, na alikuwa anataka kuniambia nini? Ndiyo historia ya leo.

DOSIE YENYE JINA LA "NA KADHALIKA"

Mipangilio ya mashine ya Linux inakaa karibu yote ndani ya dosie moja, /etc. Jina linatoka kwa Kilatini, et cetera, na kadhalika. Ni urithi wa Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Mwanzoni /etc ilikuwa kweli dosie ya makorokoro. Hata programu zilikuwa zinawekwa humo, kwa mfano ile ya kuanzisha mashine. Pole pole programu zikahamia kwingine, mle ndani ikabaki mipangilio: majina ya watumiaji, rezo, saa za kazi, nani anaruhusiwa nini.

Jambo moja la Unix lilikuwa la maana sana: mipangilio iliandikwa kwa maandishi ya kawaida. Mtu anafungua, anasoma, anabadilisha mstari mmoja, anafunga. Na kwa sababu ni maandishi, inawezekana kulinganisha mawili na kuona tofauti mstari kwa mstari. Programu ya kazi hiyo, diff, ilitoka Bell Labs hukohuko katikati ya miaka ya 1970. Shikeni hilo la kulinganisha, tutalirudia.

MIAKA YA KUANZA UPYA

Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wake kama mchezo tu. Kiini kile peke yake hakikutosha mtu kufanya kazi. Ndipo watu wakaanza kukusanya kiini na programu pamoja, na zikazaliwa familia za Linux: SLS mwaka 1992, Slackware ya Patrick Volkerding mwezi wa saba 1993, na Debian, ambayo Ian Murdock aliitangaza tarehe 16 Agosti 1993 kwa sababu hakuridhika na SLS.

Kwa wakati ule kupanda toleo jipya kulikuwa kama kuhama nyumba usiku. Unakopi /etc yako kwenye disketi, unafuta disiki, unaweka toleo jipya, halafu unarudisha mambo yako moja moja kwa mkono. Ukisahau faili moja, umeisahau.

Slackware ilijenga desturi moja nyepesi ambayo iko mpaka leo. Paketi mpya ikija na faili ya mipangilio, haiiweki juu ya yako. Inaiweka pembeni ikiwa na mkia ".new". Kama hauna faili ya jina lile, mkia unaondolewa nayo inaanza kazi. Kama unayo na zinafanana, ile ya pembeni inafutwa. Kama zinatofautiana, inabaki pale ikikungoja wewe mwenye mashine. Fundi ameleta mlango mpya, ameuegemeza kwenye ukuta, hajang'oa wa kwako.

Ni adabu nzuri. Lakini inategemea mwenye nyumba aone ule mlango. Wengi hawauoni.

SWALI LA DEBIAN

Debian ilikwenda mbali zaidi. Programu yake ya kuweka paketi inaitwa dpkg, na Ian Jackson ndiye aliyeiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994. Ndani yake kuna wazo ambalo kwa maoni yangu ni kati ya mawazo yenye heshima zaidi katika historia ya ordinatere, hata kama haliimbwi na mtu.

Wazo lenyewe: kujua kama mtu amebadilisha faili, haitoshi kulinganisha yake na mpya. Lazima ukumbuke pia ile ya tatu, yaani ile ambayo wewe mwenyewe ulimletea mara ya mwisho. dpkg haihifadhi ile faili nzima ya zamani. Inahifadhi alama yake ya kidole, hesabu fupi inayobadilika hata ukigusa herufi moja. Siku ya kupandisha, dpkg inatazama vitu vitatu: alama ya ile ya zamani, faili yako ya sasa, na faili mpya. Hapo hali ni nne tu.

Kama wewe hukubadilisha kitu na watengenezaji hawakubadilisha kitu, hakuna kazi. Kama wewe hukugusa lakini wao wamebadilisha, mpya inaingia kimya kimya. Kama wewe umebadilisha lakini wao hawakubadilisha, yako inabaki kimya kimya. Kama wote wawili mmebadilisha, hapo tu ndipo inasimama na kuuliza.

Muone vizuri maana yake. Lile swali lililonichosha halikuja bure bure. Lilikuja kwa sababu mtu alikuwa amefanya uamuzi pale. Kila mara ekrani iliposimama, ilikuwa inaniambia: hapa kuna mkono wa mtu. Na mimi nikaufuta.

Tena ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza bila kuchagua, dpkg inabaki na ya kwako, si mpya. Kuna pia herufi ya kuonyesha tofauti, D, na ingine ya kutoka kwanza ukaangalie mambo, Z. Na ukikubali mpya, ya zamani haitupwi: inabaki pembeni na mkia ".dpkg-old". Ukikataa, mpya ndiyo inayobaki pembeni na mkia ".dpkg-dist". Hata ukiifuta faili kabisa, dpkg inahesabu kufuta kule kama uamuzi wako, hairudishi faili bila kuuliza.

Debian iliandika jambo hili kama sheria ya nyumba: mabadiliko ya mwenye mashine lazima yahifadhiwe wakati wa kupandisha paketi, na hata paketi ikiondolewa mipangilio yake inabaki, mpaka mwenyewe aseme ifutwe kabisa. Mtengenezaji wa paketi asiyefuata, paketi yake inahesabiwa kuwa na kosa.

Saa ya kopi yetu ilikuwa ndani ya /etc/crontab. Siku niliporudi, ile ya kijana ilikuwa bado pale, crontab.dpkg-old, na saa yake 6 mchana. Ilikuwa imekaa miezi mitatu ikitungoja.

NJIA YA RED HAT

Upande mwingine kulikuwa Red Hat. Erik Troan na Marc Ewing waliandika programu yao ya paketi, RPM, ikatoka mwaka 1995. Hii nayo inakumbuka alama ya ile ya zamani, lakini haiulizi swali hata moja katikati ya kazi.

Musiseme ni kiburi. Fikirieni mtu ambaye iko na mashine 200 zinazopandishwa usiku, hakuna mtu mbele ya ekrani. Swali moja likitokea, mashine yote inasimama mpaka asubuhi. Kwa hiyo RPM inamwachia mtengenezaji wa paketi aamue mapema. Kama faili imewekwa kwenye aina ya "usiibadilishe", yako inabaki na mpya inawekwa pembeni kwa mkia ".rpmnew". Kama haiko kwenye aina hiyo, mpya inaingia na yako inawekwa pembeni kwa mkia ".rpmsave".

Njia zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: uamuzi wa mtu hautupwi. Tofauti ni saa ya kumwita. Debian inakuita katikati ya kazi, wakati una haraka na umeme unakaribia kwenda. Red Hat haikuiti, inakuachia barua mlangoni. Mwenye kujibu bila kusoma anapotea kwa Debian. Mwenye kutotafuta barua anapotea kwa Red Hat.

KUTENGA VYA FUNDI NA VYA MWENYE NYUMBA

Tarehe 14 Februari 1994 lilitoka andiko la kwanza la mpangilio wa madosie ya Linux, FSSTND, ambalo baadaye liliitwa FHS. Hamna maajabu ndani yake, lakini lilisaidia familia zote kukubaliana: programu zikae /usr, mipangilio ya mashine ile ikae /etc, watu na vitu vyao wakae /home.

Humo ndani ya /home kila mtu ana mipangilio yake binafsi, kwenye mafaili ambayo jina lake linaanza na nukta ili yasionekane. Rob Pike, mmoja wa wazee wa Unix, alieleza mwaka 2012 kwamba ile nukta ilitokea kama ajali: mtu alitaka kuficha alama mbili tu kwenye orodha, akaandika kwa mkato, na kila jina lenye nukta likafichika. Ajali ile ikawa desturi ya dunia nzima.

Kwa kuwa /home ilikuwa imetengwa, watu walijifunza kuipa sehemu yake kwenye disiki. Siku ya toleo jipya unafuta sehemu ya mfumo tu, /home huigusi. Njia hii ilitusaidia sana sisi wa mikoa ambako mega za intaneti ni ghali. Ubuntu ilipoanza mwezi wa 10 mwaka 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilituma CD bure kwa posta dunia nzima, kazi iliyokoma mwaka 2011. Jina lake nalo hatuhitaji kutafsiriwa: sisi tunasema utu, Waluba wanasema bumuntu. Kwa mtu mwenye CD mkononi na intaneti ya kuhesabu, kuweka upya kutoka CD na kuacha /home ilivyo kulikuwa rahisi kuliko kushusha paketi mia kadhaa.

Lakini kuna mtego. /home inalinda picha zako, barua zako, lugha ya ekrani yako. Hailindi /etc. Kwa ordinatere ya nyumbani hasara ni ndogo. Kwa serveri, /etc ndiyo akili yote. Nimeona watu wanajivunia kwamba "nimehifadhi kila kitu", kumbe wamehifadhi /home peke yake.

KUMBUKUMBU YENYE TAREHE

Alama ya kidole ya dpkg inajua kwamba faili imebadilika. Haijui nani, lini, wala kwa nini. Wazee wa Unix walikuwa na dawa: programu za kuhifadhi kila toleo la faili pamoja na maneno ya kueleza. RCS ya Walter Tichy ilikuwapo tangu miaka ya 1980 mwanzoni, na walinzi wengi wa mashine waliitumia kwa faili moja moja.

Mwaka 2005 Linus Torvalds akatengeneza git, na mwaka 2007 Joey Hess, mtu wa Debian, akatoa programu ndogo inaitwa etckeeper. Kazi yake ni kuiweka /etc nzima ndani ya kumbukumbu ya git au ya aina hiyo. Kabla ya paketi yoyote kuwekwa inaandika hali ilivyo, na baada ya hapo inaandika tena. Inakumbuka pia ruhusa za mafaili, jambo ambalo git peke yake hailishiki vizuri.

Kwa kitu kama hiki, kosa langu la pale shuleni lingeonekana kesho yake asubuhi: mstari mmoja umetoka, mstari mmoja umeingia, tarehe hii, saa hii. Na kama kijana angeandika maneno machache, "nimehamisha kopi mchana, juu asubuhi umeme hauko", hata mgeni angeelewa.

USIGUSE FAILI YA FUNDI

Baadaye watu wakajiuliza: kwa nini tugombane juu ya faili moja? Kila mmoja awe na yake. Ndiyo ikaenea desturi ya madosie yenye mkia ".d". Faili kubwa inabaki ya mtengenezaji. Wewe unaandika faili yako ndogo, mistari miwili au mitatu tu, ndani ya dosie ya pembeni, na programu inasoma zote mbili. Siku ya kupandisha, faili kubwa haikuguswa na mtu, kwa hiyo mpya inaingia kimya. Faili yako ndogo si ya paketi yoyote, kwa hiyo hakuna wa kuigusa.

Mfumo wa systemd, ulioanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, uliifanya desturi hii kuwa sheria. Ya mtengenezaji iko /usr/lib, ya mwenye mashine iko /etc, na ya /etc inashinda. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, unaandika huo mmoja tu. Kijana wetu angeiacha crontab ya Debian na kuandika faili yake ndogo ndani ya /etc/cron.d, mimi na haraka zangu zote nisingeweza kuifuta.

FAILI IMEBAKI, MAANA IMEPOTEA

Hapa niwaambie ukweli: hata ukijibu "nabaki na yangu" kila mara, bado unaweza kuanguka. Kulinda faili si sawasawa na kulinda maana yake.

Mfano wa kwanza. Debian 8 ilitoka mwaka 2015 na Apache 2.4, wakati Debian 7 ilikuwa na 2.2. Apache mpya ilibadilisha lugha ya kuruhusu na kukataa wageni. Tena Debian ilianza kusoma tu mafaili ya tovuti ambayo jina lake linaishia na ".conf". Mtu alikuwa na faili iliyoitwa kwa jina la tovuti yake tu, bila mkia. Baada ya kupandisha, faili iko palepale, nzima, hata herufi moja haijapotea. Lakini Apache haiisomi. Tovuti imezimika.

Mfano wa pili. Debian 9 ya mwaka 2017 iliingia na PHP 7.0, na mipangilio ikahama kutoka /etc/php5 kwenda /etc/php/7.0. Kiwango cha kiwandani cha faili ambayo mtu anaruhusiwa kupandisha kwenye tovuti ni mega 2. Kama ulikuwa umeandika 20 ili wanafunzi watume kazi zao za mwisho, 20 yako bado iko kwenye dosie ya zamani, imehifadhiwa vizuri kabisa. PHP mpya inasoma dosie mpya, na humo imeandikwa 2.

Mfano wa tatu. Tangu 2013 systemd ilileta majina mapya ya kadi za rezo, kufuatana na mahali kadi ilipo ndani ya mashine. Ukiweka mfumo upya na kurudisha faili yako ya zamani inayosema eth0, mashine inaweza kuwa na kadi inayoitwa enp3s0. Faili inamwita mtu ambaye hayuko tena kwenye nyumba.

Ndiyo sababu kila toleo la Debian linatoka na andiko la maelezo, na humo ndani wanaorodhesha mambo kama haya. Andiko lile si la mapambo. Linasomwa kabla, si baada.

KUANDIKA MAAMUZI NJE YA MASHINE

Kundi lingine la watu lilifikiri hivi: mashine inakufa, disiki inakufa, kwa hiyo maamuzi yasikae ndani yake peke yake. Mark Burgess alianza CFEngine mjini Oslo mwaka 1993. Unaandika kwenye faili jinsi mashine inavyopaswa kuwa, programu inaifikisha pale. Ansible ya Michael DeHaan ilifuata njia hiyo mwaka 2012 kwa urahisi zaidi.

Eelco Dolstra wa Uholanzi alianza Nix mwaka 2003 na kuieleza kwenye tasnifu yake ya udaktari huko Utrecht mwaka 2006. Kwenye NixOS mashine nzima inatoka kwenye maelezo yaliyoandikwa: programu, watumiaji, rezo, saa za kazi. Ukipanda toleo jipya na likakusumbua, unawasha mashine na kuchagua hali ya jana. Hakuna aliyefuta jana.

Si lazima wote twende huko. Lakini funzo lake linafaa hata kwa serveri moja ya chini ya meza.

TURUDI PALE SHULENI

Ninyi mtakaoitwa kesho kupandisha mashine ya biro fulani, parokia fulani au kituo cha afya, nawaomba haya. Kopini /etc nzima kwenye disiki ingine, pamoja na orodha ya paketi zilizoko. Someni andiko la toleo jipya. Ekrani ikiuliza, bonyezeni D muone tofauti kabla ya kujibu. Kazi ikiisha, tafuteni mafaili yenye mikia: .dpkg-old, .dpkg-dist, .rpmnew, .rpmsave. Halafu ngojeni siku inayofuata muhakikishe kwamba kazi za saa zimefanyika kweli: kopi iko wapi, tarehe yake ni gani, inafunguka? Hilo la mwisho ndilo lililonishinda mimi.

Na wewe unayepanga mashine leo, ujue kuna siku hautakuwapo. Utapata kazi ngambo, utahama mji, ama utaitwa na Mungu. Kila mstari unaobadilisha, andika juu yake sababu, kwa lugha ambayo watu wa pale wanasoma. Mstari mmoja unatosha.

Kwenye ile serveri niliirudisha saa ya kijana, safari hii kwenye faili yake ndogo pembeni. Juu yake nikaandika: "Kopi ni saa 6 mchana. Asubuhi umeme hauko. Usibadilishe bila kuuliza." Mwaka uliofuata mtu mwingine alipandisha toleo jipya. Nilipita pale kuangalia. Kopi ya jana ilikuwapo, na saa yake ilikuwa 6 mchana.